Kasongo: Njia Panda ya Zamani Inayosubiri Ratiba ya Ndege

Chukua ramani, uvute mstari kutoka Kigoma kuelekea magharibi. Vuka Ziwa Tanganyika, panda milima ya upande wa Kongo, endelea bila kupinda sana. Baada ya kilomita 215 hivi utafika Kabambare. Zikitimia 330 hivi utakuwa juu ya Kasongo, karibu na ukingo wa mashariki wa mto Lualaba. Kwa ndege ndogo ya injini moja hiyo ni safari ya saa moja na dakika chache. Lakini abiria wa Kigoma anayetaka kwenda Kasongo hana ndege ya kukatia tiketi. Na hata yule aliyeko Kindu, makao makuu ya jimbo lile lile la Maniema, umbali wa kilomita 180 hivi kwa mstari ulionyooka, hupanda pikipiki, akafunga mzigo kwa mipira ya tairi, akaomba mvua isinyeshe.

Jambo hilo linauma zaidi kwa anayejua Kasongo ilikuwa nini. Katika miaka ya 1870 misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikavuka ziwa kutokea Ujiji, ilipita Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo karibu mwaka 1875. Kutoka hapo pembe za ndovu zilianza safari ya miezi hadi Zanzibar, na pamoja nazo watumwa, waliolipia utajiri ule kwa maisha yao. Mpunga ukapandwa, Uislamu ukaingia, Kiswahili kikashika mizizi. Hata leo Maniema inajulikana Kongo nzima kwa mchele wake na kwa misikiti yake.

Safari zenyewe zilikuwa ngumu kupita kiasi. David Livingstone aliondoka Ujiji Julai 1869 na hakufika Nyangwe hadi Machi 1871, kwa sababu vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi katika nchi ya Kabambare. Tarehe 15 Julai 1871 akashuhudia mauaji ya soko la Nyangwe, ambako wafanyabiashara wenye bunduki waliwamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Habari zake, zilipofika Uingereza, zilichochea shinikizo la kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Nchi hii ya kusini mwa Maniema, basi, haijawahi kuwa pembezoni mwa historia. Ilisukumwa pembezoni baadaye, na reli ilikuwa ya kwanza kuisukuma.

Reli iliyochagua ukingo mwingine

Wabelgiji waliiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Walipoanza kufikiria usafirishaji, tatizo lao lilikuwa mto. Lualaba hupitika kwa meli kati ya Ubundu na Kindu, lakini kusini ya Kindu kuna maporomoko. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ikajenga njia ya chuma kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, na kufikia mwaka 1911 kazi ilikuwa imekamilika. Njia hiyo ilipita Kibombo na Samba, ukingo wa magharibi. Kasongo iko mashariki.

Uamuzi huo wa wahandisi uliamua mambo mengi yaliyofuata. Kindu, iliyokuwa kituo kidogo cha mtoni, ikawa mahali pa kukutana meli na treni; kisha ikapata uwanja wa ndege; na Kivu ya zamani ilipogawanywa mwaka 1988, ikawa mji mkuu wa jimbo la Maniema. Mtu wa Kasongo aliyetaka treni alipaswa kwanza kuvuka Lualaba. Alipotaka ndege, alipaswa kwanza kufika Kindu. Hali hiyo haijabadilika.

Usafiri wa anga wenyewe ulianza mapema Kongo kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kati ya mwaka 1920 na 1921 ndege za majini, zenye viti vichache tu, zilifungua njia juu ya mto kutoka Kinshasa hadi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry alitoka Brussels tarehe 12 Februari akatua Kinshasa tarehe 3 Aprili. Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ikatandaza huduma zake, na baada ya uhuru, Juni 1961, ikazaliwa Air Congo, iliyogeuka Air Zaïre mwaka 1971. Ndege zake aina ya Fokker F27 zilihudumia miji ya mikoani. Watu wa Zaire waliipa jina la utani la Kifaransa, Air Peut-être, yaani Air Labda, kwa sababu abiria hakuwa na hakika kama ndege ingekuja. Mwaka 1995 shirika likafilisika, na tangu hapo hakuna lililofika kila pembe ya nchi kama lilivyowahi kujaribu.

Ndege zilizokuja kwa haja ya wengine

Nikiipitia historia ya anga ya Maniema naona jambo moja likijirudia. Ndege zimetua mara nyingi sana katika jimbo hili, na mara nyingi zimetua kwa sababu mtu wa nje alikuwa na haja yake: madini, vita, au msaada wa dharura. Haja ilipokwisha, ndege iliondoka. Mkazi wa kawaida, mwenye mchele wa kuuza au mtoto wa kupeleka hospitali, hajawahi kuwa sababu ya ndege kupangwa.

Madini yalitangulia. Bati la Kalima, la Punia na la Kampene, na dhahabu ya Namoya katika wilaya ya Kabambare, vilizaa viwanja vya udongo katikati ya msitu. Mwaka 1976 kampuni za zamani ziliunganishwa kuwa Sominki. Oktoba 1985 soko la bati duniani likaanguka, na kampuni ikaanza kufa polepole. Barabara zilizokuwa zikitunzwa na kampuni zikaliwa na mvua na miti. Viwanja vya ndege vikabaki, maana majani ya kiwanja hukatwa kwa panga, lakini daraja lililoanguka halijengwi kwa panga.

Kisha vita. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo aina ya C-119 za jeshi la Italia zilitua Kindu zikiwaletea vyakula askari wa Malaya waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Askari wa Kongo waliokuwa mjini waliwadhania Waitalia wale kuwa maadui, wakawakamata na kuwaua wote 13. Pisa, makao ya kikosi chao, kuna hekalu la kumbukumbu yao, na jina la Kindu linajulikana kwa Waitalia wengi ambao wasingeweza kuionyesha Maniema kwenye ramani. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji huo Julai. Novemba tarehe 5 ukarudi mikononi mwa serikali kwa msaada wa mamluki na ndege za kivita.

Tarehe 10 Oktoba 1998 likatokea baya jingine. Boeing 727 iliyokuwa imeruka kutoka Kindu ilipigwa kombora, na watu 41 waliokuwa ndani wakafa. Waasi wa RCD walidai ilibeba askari. Upande wa serikali ulisema ilikuwa ikiwahamisha raia, wanawake na watoto. Siku mbili baadaye Kindu ikaanguka. Kwa miaka iliyofuata treni haikufika. Ya kwanza baada ya vita ilifika mwaka 2004. Mwaka huo huo mwandishi wa Uingereza Tim Butcher alipita kwa pikipiki kutoka Kalemie hadi Kabambare, Kasongo, Kibombo na Kindu, akaandika kitabu juu ya nchi ambayo barabara zake zilikuwa zimerudi kuwa vijia vya miguu. Ilikuwa njia ile ile ya misafara, miaka 130 baadaye, na haikuwa imeboreka.

Madini yakarudi kwa sura mpya. Kampuni ya Banro ya Kanada ilifungua mgodi wa dhahabu wa Namoya, kilomita 225 hivi kusini magharibi ya Bukavu, na kuutangaza kuwa katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mgodi ulihitaji kiwanja, na kiwanja kikatunzwa. Lakini Salamabila, mji uliokua kando yake, ulikuwa na ugomvi mkubwa kati ya kampuni na wachimbaji wadogo walioondolewa, na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walikuwa na nguvu huko. Machi 2017 walitekwa wafanyakazi watano, mmoja Mfaransa, mmoja Mtanzania na watatu Wakongo, walioachiwa baadaye. Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Kwa miaka ile kiwanja cha uhakika zaidi wilayani Kabambare kilikuwa nyuma ya uzio wa mgodi, wakati mama mjamzito wa kijiji cha jirani akibebwa kwa machela.

Kiwanja cha udongo kinavyofanya kazi

Wasomaji waliozoea viwanja vya Julius Nyerere au Jomo Kenyatta huenda wasijue kiwanja cha udongo kinadai nini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kindu ina barabara ya lami ya kurukia yenye urefu wa mita 2,200 hivi, inayotosha ndege za jeti. Mashirika kama CAA na Congo Airways, lililoanza kuruka Oktoba 2015, yamewahi kuiweka Kindu katika njia zao, na kutoka hapo hadi Kinshasa ni kilomita 1,200 hivi. Kasongo ni habari nyingine. Kiwanja cha udongo mwekundu hubeba ndege kama Cessna Caravan, yenye nafasi ya watu tisa hadi kumi na wawili, au Let 410 ya injini mbili, yenye nafasi ya watu 17 hadi 19. Ndege hizi zilibuniwa kwa kazi hiyo. Caravan hutua na kuruka kwenye ardhi isiyofika kilomita moja.

Adui wa kwanza ni maji. Udongo huo ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa unateleza na kumeza gurudumu. Kusini mwa Maniema mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Baada ya mvua kubwa lazima mtu akitembee kiwanja chote kwa miguu, akichoma ardhi kwa fimbo kutafuta mahali palipolainika, kisha awaarifu marubani kabla hawajaondoka walikotoka. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji mtu anayelipwa kila mwezi, mwenye redio au simu, na anayeaminika. Kiwanja kisicho na mtu huyo kinaweza kuonekana kizima kutoka angani na kumbe ni mtego.

Adui wa pili ni majirani, na siwalaumu. Kiwanja kilichokaa wiki tatu bila ndege ni njia ya mkato kwenda shambani, ni uwanja wa mpira, ni malisho ya mbuzi. Kadiri ndege zinavyokuwa chache ndivyo zinavyokuwa za hatari, maana hakuna anayeitegemea ndege kiasi cha kuiachia nafasi.

La tatu ni mafuta, na hili ndilo linalopandisha bei kuliko yote. Pasipo na mafuta ya ndege kiwanjani, rubani hulazimika kubeba ya kwenda na ya kurudi. Kila lita ya kurudia ni uzito unaotolewa kwa abiria au mzigo. Ndiyo maana kwenye viwanja hivi kila kitu hupandishwa mizani: begi, gunia, kuku, na mwenye mali mwenyewe. Mtu mnene akiingia, kifurushi cha mwingine hubaki. Jua likiwa kali hewa huwa nyepesi na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka, hivyo kinachowezekana saa moja asubuhi huenda kisiwezekane saa nane mchana.

Usalama wa anga ya Kongo ni mzigo mwingine. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku katika anga yake mashirika yote yaliyopewa vibali na mamlaka ya Kongo. Agosti 2020 ndege aina ya Let 410 iliyotoka Kalima kwenda Bukavu ilianguka msituni, wakafa watu wanne. Ajali kama hizo ndizo hoja ya kutaka ukaguzi, mawasiliano na taarifa za hali ya hewa. Anayesema ni afadhali watu wa kusini wabaki na pikipiki huwa hahesabu wanaokufa barabarani na vivukoni, kwa sababu vifo vyao haviingii kwenye taarifa za usafiri wa anga.

Sanduku la barafu

Kama kuna mji wenye haki ya kudai usafiri wa haraka kwa ajili ya afya, ni Kasongo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulijenga mfumo wa vituo vya afya vinavyotegemea hospitali moja ya rufaa, na matokeo yake yalisomwa duniani kote. Utafiti wao juu ya chanjo ya surua ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981 na ukazua mjadala mkubwa wa wataalamu. Madaktari wengi waliosomea afya ya jamii Ulaya na Afrika walilikuta jina la Kasongo katika vitabu vyao.

Sasa fikiria kazi moja tu ya afya. Mwaka 2017 virusi vya polio vinavyotokana na chanjo vilithibitishwa Maniema na Haut-Lomami. Mtoto anapolegea mguu ghafla, muuguzi wa kijiji huchukua sampuli mbili za choo, zinazopishana kwa saa 24 au zaidi, na kuziweka ndani ya sanduku lenye vipande vya barafu. Sampuli hizo zinapaswa kufika maabara ya taifa, INRB, Kinshasa, zikiwa bado baridi, na lengo ni siku tatu. Kutoka zahanati ya Kabambare sanduku linapanda pikipiki. Pancha ya kwanza inakula saa mbili. Kivuko kimefungwa, linalala. Barafu inayeyuka. Likifika Kindu na kupanda ndege ya Kinshasa, yaliyomo huenda hayafai tena kupimwa, na ugonjwa uliopaswa kuzuiwa katika kijiji kimoja umeshatembea hadi cha tano. Caravan moja ya wiki, yenye siku na saa inayojulikana, ingemwezesha muuguzi yule kupanga kazi yake kuanzia nyuma: ndege inatua Alhamisi, basi sanduku liondoke Jumatano.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Ndege za mashirika ya kibinadamu na za misheni hufanya kazi kubwa mashariki ya Kongo, na maelfu wako hai kwa sababu yake. Lakini hufuata dharura na bajeti ya wafadhili. Mfanyabiashara wa mchele hawezi kupanga mauzo kwa kufuata dharura, wala mwalimu hawezi kwenda kuchukua mshahara kwa kutegemea nafasi iliyobaki.

Mwaka 2025 uliongeza uzito. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, uwanja wake ukafungwa kwa ndege za biashara. Kavumu, uwanja wa Bukavu, ukatekwa katikati ya Februari. Hiyo ndiyo miji miwili ambayo Maniema ilizoea kutazama kwa bidhaa, dawa na marubani wa ndege ndogo. Kwa kusini ya jimbo, zikabaki Kindu, Kalemie na barabara zenye wanaume wenye silaha.

Fedha zipo wapi

Wanaosema huduma ya namna hii haitaleta faida wanasema kweli. Njia ya Kindu, Kasongo na Kabambare haitajilipa kwa nauli peke yake, angalau si mwanzoni. Lakini hata Marekani, yenye barabara kila upande, tangu mwaka 1978 serikali yake hulipia sehemu ya gharama ili ndege za ratiba zisiache miji midogo. Kigoma, mwanzo wa barabara ile ile ya misafara, inafikiwa na Air Tanzania kwa sababu dola iliamua kuwa na shirika na kulipeleka huko.

Kongo nayo ina chanzo cha fedha. Tangu mwaka 2009 kila abiria anayepanda ndege hulipa Go-Pass, tozo ya kuendeleza miundombinu ya viwanja: ilianza na dola 50 kwa safari za nje na dola 10 kwa za ndani. Inakusanywa kwa ajili ya Régie des Voies Aériennes, RVA, shirika la umma linalosimamia viwanja tangu mwaka 1972. Abiria wa Kindu ameilipa kwa miaka mingi. Sehemu yake ndogo ingetosha kuwaajiri watu wa kukagua kiwanja cha Kasongo, kuweka soksi ya upepo, uzio wa miti, redio, na mapipa ya mafuta yaliyofungwa na kulindwa. Hakuna anayedai lami wala jengo la vioo. Majengo ya vioo yamezinduliwa kwa utepe mara nyingi katika bara hili na kubaki na nyasi milangoni.

Ningeanza na safari moja kwa wiki, Kindu hadi Kasongo hadi Kabambare na kurudi, siku ile ile na saa ile ile, kwa mwaka mzima, hata ikiwa na viti vitupu. Mkataba utolewe kwa zabuni ya wazi, kwa mwendeshaji aliyekaguliwa, na malipo yake yategemee safari alizofanya kweli. Nafasi ya kwanza ya mzigo iwe ya chanjo, damu na sampuli za maabara. Ya pili ya wagonjwa. Inayobaki iuzwe kwa bei inayobandikwa ukutani.

Wabunge wa Kasongo na Kabambare wana nafasi ya kuuliza swali hili Kinshasa bajeti ijayo itakapofikishwa bungeni: tozo ya abiria wa Maniema imefanya nini kusini mwa Maniema? Nawaomba waliulize kwa maandishi, na wasikubali jibu lisilo na tarakimu.